Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Shule ya msingi tuliandikia methali hiyo insha, tukaambiwa inatufunza kutegemea kilicho karibu. Sawa. Lakini ndani yake mna jambo lingine ambalo mwalimu hakulisema, labda kwa sababu wakati huo halikuhitaji kusemwa: kutenda kunahitaji kuwepo. Ukitaka kuua nyoka, sharti uende alipo. Ukitaka kumfungia mtu mlango, sharti mkono wako ufike kwenye kitasa. Njiani utachoka, utanyeshewa, utapita kwa majirani na mmoja wao atakuuliza, "Kwani kuna nini?"

Siku hizi fimbo ya mbali inaua nyoka, tena mwenyewe ukiwa umelala. Inauzwa Luthuli Avenue kwa shilingi elfu moja na kitu, na moduli yenyewe ni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Inaitwa ESP32.

Swali langu ni hili: je, tendo hubaki lilelile likifanywa kutoka mbali? Na yule aliyechonga fimbo, ana hesabu yoyote ya kutoa?

Tuanze na kifaa chenyewe, manake mtu hawezi kujadili maadili ya kisu ambacho hajawahi kukishika.

ESP32 ni mikrokontrola, yaani tarakilishi ndogo mno iliyojengwa ndani ya chipu moja: ina kichakataji, kumbukumbu kidogo, pini za kuunganishia nyaya, na redio ya Wi-Fi na Bluetooth humohumo. Kampuni inayoitengeneza, Espressif, ilianzishwa Shanghai mwaka wa 2008 na Teo Swee Ann, mhandisi kutoka Singapore. Mwaka wa 2014 kampuni hiyo ilikuwa imetoa ESP8266, kaka mkubwa wa hii, iliyouzwa kwa dola chache tu. Kabla ya hapo, ukitaka kitu chako kiongee na intaneti ilibidi ununue bodi ya kudhibiti, halafu bodi nyingine ya redio, na hiyo ya pili mara nyingi ilikuwa ghali kuliko ya kwanza. Maelezo ya ESP8266 yalikuwa ya Kichina. Watu wasiojuana, waliotawanyika duniani, wakaketi wakayatafsiri, wakagundua kwamba kile kidude kilichouzwa kama redio tu kinaweza kubeba programu nzima peke yake. ESP32 ikafuata mwaka wa 2016: viini viwili, kasi ya hadi megahezi 240, kumbukumbu ya kilobaiti 520.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Ninachojua kuhusu umeme na programu nimekijua zaidi kupitia bodi hii kuliko ukumbi wowote wa mihadhara. Bodi haijawahi kuniuliza cheti. Ukiiandikia vizuri inafanya kazi, ukiiandikia vibaya inakataa, na haijali wewe ni mtoto wa nani. Kwa hivyo sisemi haya nikiwa adui wa teknolojia. Nasema nikiwa mtu ambaye teknolojia ilimpa kazi wakati mlango mwingine ulikuwa umefungwa.

Kuanza si kugumu. Unanunua bodi yenye moduli tayari juu yake, na kebo ya USB. Hakikisha kebo inapitisha data. Kebo nyingi za kuchajia simu zina nyaya za umeme tu, na kuna watu wamemaliza wikendi nzima wakiilaumu bodi ilhali mchawi ni kebo. Kwenye laptopu unaweka programu ya Arduino IDE, unaongeza faili za ESP32, na pengine dereva ya ile chipu ndogo inayounganisha bodi na USB; kwa kawaida ni CH340 au CP2102. Kisha unaandika mistari michache: washa pini ya 2, ngoja sekunde moja, zima, ngoja tena, rudia. Programu ikikataa kupakiwa, shikilia kitufe kilichoandikwa BOOT hadi ianze kuingia. Bodi nyingi zina kitaa kidogo kwenye pini hiyo. Kinapepesa. Hiyo ndiyo salamu ya kwanza, na kila aliyeanza anaikumbuka.

Hatua ya pili ni mtandao. Unaiandikia jina la Wi-Fi na nywila, ukikumbuka kwamba ESP32 ya kawaida inasikia gigahezi 2.4 pekee, ruta yako ikitangaza ya 5 tu, bodi haitaiona. Ikishaingia inapewa anwani, na kutoka hapo inaweza kuwa seva ndogo. Unafungua anwani hiyo kwa simu, unaona kitufe, unabonyeza, kitaa kinawaka chumba cha pili. Nimeona watu wazima wakicheka kwa sauti wakifanya hivyo mara ya kwanza. Umegusa kitu bila kukigusa.

Hatua ya tatu ni relei, na hapa mchezo unaisha. Pini za bodi zinatoa volti 3.3, nguvu ya kuwasha kitaa tu. Relei ni swichi inayovutwa na sumaku: upande mmoja unaipa umeme mdogo kutoka kwa bodi, upande wa pili inafunga au kufungua umeme mkubwa, hata zile volti 240 za ukutani. (Hizo za ukutani usizishike bila fundi wa stima aliye na leseni. Si maneno ya kupamba.) Inapofanya kazi inalia "tak". Mlio ule ndio mpaka. Kabla yake ulikuwa unachezea mwanga. Baada yake unaweza kuwasha pampu, kufungua geti, kufunga maji. Unaanza kugusa maisha ya watu.

Vifaa vya aina hii kwa Kiswahili tumeviita vifaa janja, kama tulivyoita simu janja. Nadhani lugha ilijua ilichokuwa ikifanya. Haikusema vifaa vyenye hekima. Kuna waliopendekeza "erevu", lakini mtaani neno lililoshika ni janja. Na sisi sote tunajua mjanja ni nani. Mjanja ni sungura wa hadithi: anashinda, anachekesha, lakini humwachii watoto. Ujanja ni uwezo wa kupata unachotaka. Busara ni kujua kama kile unachotaka kinafaa kutakwa. Bodi ya ESP32 ina ujanja wa kutosha kuhesabu siku, kusoma ujumbe na kufunga mfereji. Busara haiko ndani ya chipu. Ikiwa iko popote, iko kwa aliyeandika programu na kwa aliyeiagiza.

Mwaka jana niliitwa na landilodi mmoja. Jina lake silitaji, ploti yake pia siitaji. Alikuwa ameona kazi niliyomfanyia jirani yake: kipimo cha tangi la maji kinachotuma ujumbe kwa simu maji yakipungua, pampu isije ikavuta hewa. Alinikaribisha chai, akanieleza shida yake.

"Kijana, nina nyumba kumi na mbili hapa. Kila tarehe tano niko kwa ngazi nikigonga milango kama askari. Huyu ananiambia mshahara haujaingia, yule amejificha ndani amezima taa. Nimechoka. Si unaweza nitengenezea kitu, mtu akikosa kulipa kufika tarehe kumi, maji yake yanajifunga yenyewe? Na stima pia. Mimi niko zangu Murang'a, sitaki hata kujua ni nani."

"Yenyewe, mzee?"

"Yenyewe. Nikifunga mimi watanipigia simu walie. Ikijifunga yenyewe, watalia na nani?"

Akataja malipo: elfu arobaini, nusu siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na kodi ya mwezi mmoja niliyobakisha kwangu. Na kazi ilikuwa rahisi, haki ya Mungu. Vali za umeme kumi na mbili, relei kumi na mbili, bodi moja au mbili, na programu inayolinganisha orodha ya waliolipa kwa M-Pesa na nambari za nyumba. Hesabu ya vifaa niliimaliza kichwani kabla chai haijapoa. Nikamwomba anipe siku tatu.

Sasa, ni rahisi sana kumgeuza landilodi kuwa shetani. Sitaki. Mzee yule alijenga ile ploti kwa mkopo wa sako, na sako haimsubiri mtu ambaye mshahara wake haujaingia. Amewahi kuamka akapata nyumba tupu, mpangaji amehama usiku na deni la miezi minne. Anazeeka, na ngazi ni ngazi. Kudai haki yako si dhambi. Anayeishi nyumba ya mwenzake bila kulipa, huku ana uwezo, anamla mwenzake; hilo nalo tuliseme.

Isitoshe, kufuli la mbali si lazima liwe baya. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizotangulia duniani katika sola za kulipia pole pole kwa M-Pesa. Mama asiye na shamba la kuweka rehani wala hati ya mshahara anapewa paneli, betri na taa kwa amana ndogo, kisha analipa kidogo kidogo. Kwa nini anaaminiwa? Kwa sababu ndani ya kile kisanduku mna njia ya kukizima asipolipa. Ondoa kufuli, uondoe na mkopo. Mama anarudi kwenye koroboi. Simu nyingi za mkopo ziko hivyohivyo. Kwa hivyo mtu akiniambia kila kufuli la mbali ni uonevu, nitamuuliza kama amewahi kusomea kwenye moshi wa mafuta ya taa.

Basi tofauti iko wapi kati ya sola ile na mfereji wa mzee? Niliitafuta kwa siku zile tatu, na nilipata mambo matatu.

La kwanza ni kinachofungwa. Taa ya sola ikizima, nyumba inarudi ilipokuwa kabla ya mkopo. Ni hasara, lakini si balaa. Maji ni kitu kingine. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, imeyaweka maji safi na ya kutosha miongoni mwa haki za kila mtu, mahali pamoja na makao na chakula. Deni la kodi ni deni la nyumba. Kulidai kwa kiu ya mtoto ni kushika rehani ambayo haikuwahi kuwekwa. Mambo ya mahakama nawaachia mawakili. Ila hata pasingekuwa na katiba, kuna vitu ambavyo mtu hashikwi navyo. Kwetu hata adui akija mlangoni akaomba maji, anapewa kwanza, ugomvi baadaye.

La pili ni makubaliano. Mwenye sola alijua tangu siku ya kwanza kwamba kisanduku kinaweza kuzimwa, na anajua pia kwamba siku akimaliza malipo, kufuli linaondoka. Lina mwisho. Wapangaji wa mzee wangeamka siku moja wakute vali ukutani. Na kufuli lao lisingeisha kamwe, manake kodi haina siku ya kumaliza.

La tatu ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu mzee alilisema mwenyewe bila kujua: "Watalia na nani?"

Fikiria jinsi mambo haya yalivyofanywa zamani, na yanavyofanywa bado. Landilodi anayetaka kumtoa mpangaji anakuja kung'oa mlango. Wengine wameng'oa hadi mabati; mwaka wa 2020, wakati wa Korona, visa kama hivyo viliripotiwa. Ni ukatili, sitautetea. Lakini tazama unavyotendeka. Mwenye kung'oa anakuja na nyundo mchana. Majirani wanatoka. Mtoto analia akimtazama usoni. Mama wa nyumba nambari saba anasema, "Mzee, mtoto wangu yuko wodini, angalia hii karatasi." Kuna wakati ukatili unashindwa hapo. Nyundo inateremka. "Haya, nakupa hadi mwisho wa mwezi." Haitokei kila mara, lakini hutokea, na kila aliyepanga ploti anajua imewahi kutokea. Ile safari ya kwenda mlangoni, ambayo mzee aliiona kama mzigo, ndiyo barabara ambayo huruma huipitia.

Huruma si wazo linalokaa kichwani likingoja kutumika. Huamshwa na uso, na sauti, na harufu ya chumba kisicho na chakula. Ukiikata safari, hujapunguza kazi tu, umefunga barabara. Programu yangu ingekuwa na mstari mmoja: kama tarehe imepita kumi na malipo hayajaonekana, funga. Mstari huo haujui wodi. Ningeweza kuuongezea sharti la pili, na la tatu, na la kumi. Lakini huwezi kuandika orodha ya sababu zote ambazo binadamu anaweza kuhitaji kusamehewa. Ndiyo maana tuliacha nafasi ya mtu kusimama mlangoni akaamua.

Najua jibu la mafundi, nimelisikia mara nyingi na lina uzito wake: kisu hukata nyama na hukata mtu, mhunzi hana kosa. Nakubali kuhusu kisu. Waliotengeneza ESP32 kule Shanghai hawajui kama chipu yao itakuwa kipimo cha udongo shambani Mwea au kufuli la mfereji. Walichonga mti tu, mrefu na mzuri. Lakini mimi nisingekuwa natengeneza mti. Nilikuwa naombwa fimbo ya urefu maalum, kwa nyoka maalum, aliye nyumba nambari saba. Kadiri kitu kinavyokaribia kazi yake ya mwisho, ndivyo fundi anavyokaribia kuwa mtendaji. Aliyechimba chuma yuko mbali na kidonda, mhunzi yuko karibu kidogo, aliyenoa kisu akijua kinakwenda kwa nani yuko pale pale.

Hata mti mtupu wakati mwingine una hesabu. Mwaka wa 2016 vijana watatu wa Marekani walikuwa na programu iitwayo Mirai, iliyozunguka intaneti ikitafuta kamera na ruta ambazo wenyewe hawajabadilisha nywila za kiwandani. Ilijaribu majina na nywila za kawaida, kama sitini hivi, na ikateka vifaa vingi mno. Mwanzoni ilikuwa biashara ya ushindani kati ya seva za mchezo wa Minecraft. Mwishoni mwa Septemba msimbo wake ukawekwa hadharani kila mtu auchukue. Wiki tatu baadaye watu wengine waliutumia kuishambulia kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Waliouandika hawakushika fimbo siku hiyo. Je, hawamo? Na yule mhandisi aliyeuza kamera yenye nywila moja kwa wateja wote, kwa sababu ilikuwa rahisi, naye hayumo? Kila mmoja alikuwa "fundi tu".

Maadili ya vifaa hivi, kwa kweli, hayakai kwenye hotuba. Yanakaa kwenye skrubu. Chukua relei uitazame. Upande wa umeme mkubwa una matundu matatu: COM, NO na NC. COM ni ya pamoja. NO ni njia ambayo kawaida iko wazi, haipitishi mpaka relei ivutwe. NC ni kinyume chake: kawaida imeungana, inapitisha mpaka relei ivutwe. Vali nazo ziko hivyo, kuna inayofungua ikipata umeme na kuna inayofunga. Mwanzoni unaona ni suala la nyaya tu. Lakini jiulize: stima ikipotea, ruta ikizima, programu ikikwama, bodi ikiungua, kifaa kitabaki katika hali gani? Uliyechagua tundu umeshajibu. Ukichagua upande mmoja, siku kifaa kinapokufa maji yanaendelea kutiririka na hasara ni ya mwenye nyumba. Ukichagua upande wa pili, ploti nzima inakauka usiku wa manane, waliolipa na wasiolipa, na hasara ni ya aliye dhaifu. Hakuna tundu la katikati. Kila kifaa kimeamua tayari ni nani atakayeumia kikiharibika, na aliyeamua ni mtu mwenye bisibisi.

Kuharibika huja. Mita zetu za tokeni, zile unazoingiza tarakimu 20, zilifuata mfumo uliohesabu dakika kutoka mwanzo wa mwaka wa 1993. Hesabu hiyo ilipewa nafasi ya kufika Novemba 2024 tu, kisha ingejaa. Ndiyo maana mita zilihitaji kusasishwa kwa tokeni maalum kabla ya tarehe hiyo. Watu waliochagua ukubwa wa hesabu ile miaka mingi iliyopita hawakujua kuna bibi atakuwa akibonyeza tarakimu za ziada kwenye mita yake kwa sababu yao. Uamuzi mdogo wa fundi husafiri mbali kuliko fundi mwenyewe.

Siku ya tatu nilirudi kwa mzee. Nikamwambia nitamtengenezea mfumo wa kuwakumbusha wapangaji tarehe tatu na tarehe tano, na mita ndogo ya maji kwa kila nyumba ambayo yeye anaisoma na mpangaji pia anaisoma, na orodha safi ya malipo ili asibishane na mtu. Kufunga sitaweka. Akitaka kufunga, mfereji mkuu wa kila nyumba uko pale kwenye ngazi. Aufunge kwa mkono wake.

Alicheka. "Yaani wewe kijana unanirudisha kwa ngazi?"

"Ndiyo, mzee. Na uende mchana."

Hakukasirika. Alisema atafikiria. Baada ya wiki mbili nilisikia amepata fundi mwingine, na sina sababu ya kudhani fundi huyo alisumbuka na matundu ya relei. Kodi yangu niliilipa kuchelewa, kwa hisani ya landilodi wangu mwenyewe, aliyekuja mlangoni, akanitazama usoni, akanipa wiki.

Rafiki yangu aliniambia nimefanya ujinga: vali zimewekwa, wapangaji hawakuokoka, na elfu arobaini zimeenda kwa mwingine. "Ulibadilisha nini sasa?" Ni swali la haki. "Nisipofanya mimi atafanya mwingine" ni hoja yenye nguvu kwa sababu mara nyingi ni kweli. Lakini angalia inachodai. Inadai kwamba tendo ni baya pale tu ninapoweza kulizuia duniani kote. Kwa kipimo hicho askari anayekataa hongo hana maana, kwa sababu wa kituo kinachofuata ataichukua. Hatuishi hivyo. Mtu hujibia mkono wake, si mikono yote. Na kuna faida ndogo ya vitendo pia: kila fundi anayekataa anamlazimu mwenye kazi kueleza tena, kwa sauti yake, anachotaka kufanyiwa watu. Mzee alieleza mara ya pili kwa fundi wa pili. Pengine mara moja kati ya hizo alijisikia.

Kwa hiyo sisemi usianze. Anza. Nunua bodi, tafuta kebo ya kweli, fanya kitaa kipepese, furahi. Pima tangi la mama yako, mwagilia sukuma wiki zako ukiwa kazini, washa taa ya choo cha ploti usiku watoto wasiogope. Badilisha nywila ya kiwandani siku ileile unapofungua kisanduku. Halafu kabla hujafunga skrubu ya kwanza kwenye kitu kinachogusa mtu mwingine, jibu maswali ya mzee na ya relei: kikiharibika ataumia nani, na akiumia atalia na nani?

Mimi siku hizi kila ninachofunga kina swichi ya mkono pembeni, inayoshinda programu, na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye jina na nambari ya simu ya mtu. Mara nyingi ni nambari yangu. Tayari nimepigiwa mara mbili saa tisa za usiku, na mara zote mbili niliamka nikaenda.